Zimwi la Vichwa Saba Limemlaza Mdogo Wangu

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Nyalenda. Ninaandika hadithi ya nchi ya kubuni yenye kinamasi kikubwa, na humo mna zimwi la vichwa saba. Shujaa akikata kimoja, vinaota viwili. Niliwasomea wadogo zangu jioni moja stima ilipopotea, na kabla hatujafika kichwa cha kumi kitinda mimba alikuwa anakoroma. Nimeongeza vichwa hadi ishirini, bado anasinzia. Kasoro iko wapi? Tena, vichwa vyote vina tumbo moja?

JIBU: Salamu zimefika, na pole kwa giza. Mtoto ana haki ya kulala. Umemsomea hesabu: vichwa saba, kata mara kumi, vimekuwa kumi na saba. Hata darasani kwangu walisinzia hivyo hivyo.

Zimwi lako lina ukoo. Bibi zetu walisimulia joka la vichwa saba, na Wagiriki wa kale walikuwa na Hydra, joka la vichwa vingi la kinamasi cha Lerna. Shujaa wao Herakle alikata hadi akachoka. Mpwa wake Iolaus ndiye aliyechoma kila shingo kwa kijinga cha moto kabla haijachipuka. Kichwa kimoja hakikuweza kufa, kikafukiwa chini ya mwamba. Kisha mfalme Eurystheus, aliyempa Herakle kazi za kutimiza, akakataa kuihesabu hiyo, eti shujaa alisaidiwa! Mimi ningeanzia kwenye uonevu huo.

Lakini kasoro kubwa ni kwamba kinamasi chako hakina maji. Nimesoma kurasa nne ulizotuma bila kulowa hata kidole. Panda boda asubuhi uende Dunga, kwenye kinamasi cha kando ya Ziwa Victoria hapo Kisumu. Mafunjo ya pale hufika mita 4; ndege unamsikia, humwoni. Wasusi wa mikeka huyakata, nayo huchipuka tena, maana uhai wake uko kwenye mashina yaliyolala topeni. Siri ya zimwi lako ifiche huko, si shingoni.

Halafu kuna kamongo. Huyu ni samaki mwenye mapafu, lazima apande juu kuvuta hewa. Nilikuwa darasa la tano, mtumbwini na mjomba, tukasikia "glup" karibu na mafunjo. Mjomba akainua kasia lisidondoshe tone, akaweka kidole mdomoni. Hatukuona kitu, ila duara likipanuka juu ya maji. Sijawahi kuogopa vile tena, na nimefundisha watoto wa darasa la nane miaka mingi. Baadaye alimpata mmoja, akamkata, na kile kichwa kikauma kamba ya patipati yangu kikakataa kuachia. Nilirudi nyumbani mguu mmoja pekupeku.

Tumbo liwe moja, ndiyo. Vichwa vigombanie kambare ambaye hata hivyo atashukia kule kule. Na vipokezane kupumua: kimoja juu, vingine chini vikisubiri zamu. Shujaa aone kimoja tu, asikie "glup" ya pili nyuma yake, na panga lake liwe bado alani. Kitinda mimba akikuuliza vingine viko wapi, usimjibu usiku huo.

Vile kumi na vitatu ulivyoongeza, virudishe topeni.