Wasomaji Wanauliza: Pori Letu, Vinkubala Vyetu

Barua tatu za safari hii zinatoka Lubumbashi na kandokando yake, na zote zinagusa pori la miombo: chakula chake, mila zake na haki ya wanaolilinda.

Nauza vinkubala (viwavi vya kula) na bowa (uyoga) sokoni Katuba. Zamani msimu ukifika magunia yalijaa. Siku hizi napata meka (makopo ya kupimia) chache na bei inapanda. Wazee wanasema ni laana ya kuacha mila. Ni kweli? (Mama wa Katuba)

Mama, wazee hawako mbali na ukweli, ila tuiweke laana kando tuangalie mti. Kila aina ya kinkubala ina miti yake. Mutondo, kwa mfano, ukikatwa kwa makala (mkaa), vipepeo hukosa majani ya kutagia. Uyoga nao una siri yake: kitondo na tente hazioti popote tu. Nyuzi zake hushikamana na mizizi ya miombo, zikiupa mti maji na chumvi za udongo, nao mti unazilipa sukari kutoka majanini. Ukiukata mti, nyuzi hufa njaa. Ndiyo maana hujawahi kuona kitondo katikati ya shamba la mahindi. Uyoga wa kichuguu ni habari nyingine: hulimwa na mchwa wenyewe, kwa hiyo adui yake mkubwa ni yule anayebomoa kichuguu kufyatua matofali.

Halafu kuna moto. Huko Ndola, Zambia, majaribio yalianza mwaka 1933 katika miombo kama hii yetu. Viwanja vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi viligeuka nyasi. Vilivyochomwa mapema vilibaki pori, na visivyoguswa na moto vilizidi kusongamana. Sababu ni rahisi: mwezi wa 9 na wa 10 miti inachipua majani mapya, nyasi zimekauka kabisa, na moto unapanda hadi juu. Anayelazimika kuchoma achome mwezi wa 5 au wa 6, nyasi zikiwa bado na ubichi, jioni upepo ukitulia, baada ya kufyeka njia ya kuzuia moto.

Mila ilijua haya. Wabisa wa Zambia wana utaratibu kamili: watu hutumwa kukagua mayai kwenye majani, moto unapigwa marufuku, kisha kuokota kunazuiliwa hadi vinkubala vikomae, ndipo shefu anatangaza msimu. Kijiji chochote cha Haut-Katanga kinaweza kufanya hivyo. Masharti mawili yasivunjwe: mti usiangushwe ili kufikia matawi ya juu (tumia kijiti chenye ndoano), na vinkubala vinavyoshuka kujifukia udongoni viachwe. Hivyo ndivyo mbegu ya mwaka ujao.

Kuhusu biashara yako: kilo 10 za uyoga mbichi zinakupa takriban kilo 1 mkavu, kwa sababu karibu yote ni maji. Kausha juu ya kichanja, si chini kando ya barabara ambako mchanga unaingia na kushusha bei. Usifunge gunia mpaka kipande kivunjike kwa mlio. Kikipinda tu, ukungu utakiwahi.

Kijiji chetu, njia ya Kasenga, kina pori lenye makaburi ya mashefu na mahali pa matambiko. Wakata makala wanazidi kuingia. Tunaweza kupata karatasi ya pori hilo? (Mwalimu, Lubumbashi)

Mnaweza, Mwalimu, na msikawie. Sheria ya misitu ya Kongo ya tarehe 29 Agosti 2002 iliufungua mlango. Amri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 ikaeleza njia. Jamii inaweza kupewa pori lake la kimila bila malipo na bila kikomo cha muda, hadi hektari 50,000. Anayetia sahihi ni gavana wa jimbo.

Anzeni na mkutano wa wote: koo zote, wanawake, vijana, na jirani mnaopakana nao. Chagueni wawakilishi na muandike kumbukumbu za mkutano zenye sahihi. Kisha chora ramani mkitembea, si mkikaa chini ya mwembe. Wazee waonyeshe mito, vichuguu vikubwa, makaburi na mipaka. Kijana mwenye simu apime kila pembe. Mpaka na kijiji jirani upimwe pamoja nao, siku moja. Hapa ndipo maombi mengi huharibikia, kwa sababu mgogoro wa mpaka ukizuka baadaye hufunga kila kitu.

Baada ya kupewa, sharti la mwaka 2016 linataka vyombo vinne: mkutano wa jamii, kamati ya usimamizi, kamati ya udhibiti na ufuatiliaji, na baraza la wazee. Msilifanye baraza hilo pambo. Mpango wa usimamizi ugawe pori kwa sehemu: patakatifu pasipokatwa kitu, pa vinkubala na uyoga, pa asali, pa shamba, na pa kuni au makala kwa zamu. Mkiwaandikia wageni ada ya kutembelea makaburi, andikeni pia nani anaipokea, ukoo mlinzi unapata kiasi gani, na sehemu gani haionyeshwi wala kupigwa picha. Fedha bila maandishi hugombanisha ndugu haraka kuliko makala.

Tunachimba kikanda (viazi vya okidi za pori) na mizizi ya munkoyo (ya kutengenezea kinywaji) kuuza. Je, tunaharibu? (Kijana wa Ruashi)

Munkoyo mnaweza kuuokoa: chimba upande mmoja, chukua mizizi ya pembeni, acha mzizi mkuu, rudisha udongo. Na wapikaji wakumbuke kuitia kwenye uji wa vuguvugu, kwani uji unaochemka huua nguvu inayogeuza wanga kuwa sukari, na kinywaji hakitakuwa kitamu.

Kikanda ni kigumu zaidi. Mmea una viazi viwili: cha zamani kilichosinyaa na kipya kilicho kigumu. Mnachokula ni kipya, na hicho ndicho uhai wa mwakani. Ukikitoa, mmea umekufa. Acheni mimea inayotoa maua hadi idondoshe mbegu, na kila mwaka ruka bonde moja bila kulichimba. Kabla ya kuvusha mzigo mpakani Kasumbalesa, ulizeni kibali: mimea ya jamii ya okidi yote iko chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.