Dabi ya Kariakoo kwa Mkapa mara ya kwanza: kadi, mlango, jezi na utani

Mkuu, umeuliza hivi: mnatoka Morogoro wewe na mdogo wako, wewe Yanga yeye Simba, mwenyeji safari hii ni Yanga, na hamjawahi kukanyaga kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, siku ya dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga. Mkae wapi, mvae nini, mfike saa ngapi? Waliotangulia wamekujibu "njooni tu, ni raha." Raha ipo, sikatai, ila siku ya dabi huwa inaamuliwa kwenye kadi na mlangoni, saa kadhaa kabla ya filimbi.

Anza na N-Card. Ni kadi ile ile wanayogusisha watu kwenye pantoni ya Kigamboni. Tiketi haichapwi kwenye karatasi, inaingia kwenye kadi kupitia namba iliyoandikwa juu yake. Kwa hiyo kila mmoja awe na kadi yake. Ukinunua tiketi mbili kwa kadi moja, mmoja anapita, mwingine anabaki anabishana na askari ambaye hana la kumsaidia. Ukilipia kwa simu, soma namba ya kadi tarakimu kwa tarakimu, halafu uitunze ile meseji ya uthibitisho. Kosa lingine kubwa ni kusubiri asubuhi ya mechi. Nchi nzima inalipia kwa wakati mmoja, mtandao unagoma, hela inakatwa na tiketi haionekani. Lipeni siku mbili tatu kabla. Na yule kijana wa getini anayekuambia "kadi hii ina tiketi tayari, nipe elfu kumi"? Mwache. Huna namna ya kujua kama kadi ina kitu mpaka uiguse kwenye mashine, na wakati huo yeye hayupo.

Sasa wapi pa kukaa. Watu wengi hawajui kwamba uwanja ule una njia ya riadha kati ya majukwaa na nyasi. Ukikaa safu za chini nyuma ya goli, goli la upande wa pili unaliona kama bango la barabarani. Mzunguko, yaani majukwaa ya kawaida yasiyo VIP, ndio bei ya chini kuliko zote na ndiko kwenye ngoma, vuvuzela na matusi ya kistaarabu, ila pandeni juu, kuanzia katikati ya jukwaa kwenda juu. Mechi ya saa 11 jioni ina jua la magharibi, na upande unaolitazama mtatumia kipindi cha kwanza chote mkiwa mmeweka kiganja juu ya macho. Kofia yenye ukingo inasaidia kuliko miwani.

Kwa hali yenu ninyi wawili, mzunguko si pa kwenda kila mmoja na jezi yake. Kule mashabiki hujigawa wenyewe, huku kijani na njano ya Yanga, kule nyekundu na nyeupe ya Simba, na mwenye rangi ngeni hupewa maneno hadi ahame. Sio vita, lakini hamtakaa pamoja. Mkitaka kukaa bega kwa bega, ongezeni hela mwende VIP C au VIP B, huko rangi huchanganyika na watu wanataniana wakiwa wamekaa. Kama bajeti ni ya mzunguko tu, basi mmoja avae fulana ya kawaida. Na kwa kuwa mwenyeji ni Yanga, mwenye kuficha rangi ni mdogo wako, pole yake. Asifikirie kofia nyekundu ni kitu kidogo. Yanga ni klabu iliyowahi kugomea nembo nyekundu ya mdhamini wa ligi kwenye jezi yake mpaka ikawekwa nyeusi.

Muda. Uwanja unachukua watu 60,000, na siku ya dabi wote wanataka kupita kwenye milango ile ile ndani ya saa mbili za mwisho. Mechi ikiwa saa 11, saa 7 mchana muwe mmeshaingia. Sisemi hivi kuwatisha: Mei 28, 2023, kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Yanga na USM Alger ya Algeria, kulitokea msongamano pale pale, mtu mmoja akafariki na wengine wakaumia. Msongamano wa mlangoni huanza hivi: watu wa nyuma wanasikia kelele za ndani, wanadhani wamepitwa, wanasukuma, na wa mbele hana pa kwenda. Mkiona foleni imeacha kuwa mstari na imekuwa duara, tokeni pembeni, zungukeni mlango mwingine. Dakika kumi za mwanzo si kitu.

Kuingia na chupa ya maji msijaribu, itaishia kwenye rundo la chupa nje ya geti. Kunyweni vizuri kabla, kuleni kabla. Simu ijae chaji, na hela iwe kwenye mfuko wa mbele, sio wa nyuma.

Kufika uwanjani: bajaji au bodaboda iwashushe Chang'ombe, malizieni kwa miguu. Ukimwambia dereva akufikishe getini atakubali, halafu mtakaa Barabara ya Mandela mnahesabu mabasi ya mashabiki.

Jambo ambalo watu wa mikoani huumia nalo zaidi ni tiketi ya kurudi. Msikate treni ya usiku ule ule. Dabi yetu ina tabia zake. Mei 8, 2021 muda ulisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga wakaja saa 11 kama ratiba ya awali, wakasubiri, wakaondoka, na mechi ikaja kuchezwa Julai 3, Yanga wakashinda 1-0. Machi 8, 2025 ikatokea tena kwa sura nyingine: Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, wakatangaza hawachezi, Bodi ya Ligi ikaahirisha siku hiyo hiyo, watu wakiwa wameshasafiri. Ikapigwa Juni 25. Kwa hiyo tafuteni ndugu wa kuwalaza Temeke au Keko, na siku ya mechi kabla ya kutoka angalieni kurasa rasmi za klabu zote mbili, sio magrupu ya WhatsApp.

Mkiwahi, mtaona na filamu ya bure: ujio wa timu. Tazameni basi linapita wapi. Klabu hizi zimepigwa faini mara kadhaa kwa kukwepa mlango rasmi au kugoma kuingia vyumba vya kubadilishia nguo, eti kuna kitu kimewekwa. Mtasikia jirani anasema "kamati ya ufundi imefanya kazi." Hapo hazungumzii kocha wala video za mazoezi, anazungumzia uchawi. Cheka, usiulize.

Utani una sarufi yake. Yanga wanaitwa Utopolo, na Vyura kwa sababu Jangwani, yaliko makao ya klabu, maji hujaa mvua zikinyesha. Simba wanaitwa Makolo, na Mbumbumbu. Haya yote yanavumilika, ukiitwa unajibu, hununi. Vidole ndiyo lugha kuu. Mtu wa Yanga akikunjua kiganja, anasema Novemba 5, 2023, ile 5-1 iliyokuwa 1-1 mapumziko. Mtu wa Simba atajibu kwa kiganja hicho hicho, maana Mei 6, 2012 walishinda 5-0, na akiwa mtu mzima ataongeza kidole cha sita kwa ajili ya 1977. Mzee wa Yanga naye atarudi hadi 1968, tano bila, Simba ikiitwa Sunderland. Mdogo wako ajue hesabu hii kabla hajafungua mdomo, la sivyo atakuwa na kiganja kimoja tu cha kujibu. Kisichotaniwa ni msiba, dini, kabila na mama wa mtu. Anayevuka hapo hana utani, ana ugomvi, hameni viti.

Msishangilie mapema pia. Oktoba 20, 2013 Yanga walikwenda mapumziko wakiongoza 3-0. Walioanza kuwapigia simu watani zao wakati ule walizima simu baadaye, maana iliisha 3-3. Na mkeka wa kubeti, kama ni lazima, wekeni kiasi ambacho kikichanika bado mna nauli.

Ikiisha, msitoke na wimbi la kwanza. Kaeni dakika ishirini, acheni ngazi zipumue. Walioshinda hutoka wakiimba polepole na walioshindwa hutoka wakikimbia, na makundi hayo mawili yakikutana kwenye ngazi moja ndipo jezi huchanika. Wekeni mahali pa kukutana mkipotezana, jengo au duka linaloonekana, sio "getini," kwa sababu mageti ni mengi na simu kwa wakati ule hazishiki. Bajaji msikodi pale nje, bei inapanda mara mbili au tatu. Tembeeni mpaka mwone bajaji zinazotafuta abiria badala ya abiria wanaotafuta bajaji.

Aliyefungwa kati yenu ndiye anayenunua chipsi usiku huo. Ikiwa sare, kila mtu ajilipie.