Wasomaji Wanauliza: Kutwa Moja Msituni na Kwenye Maua ya Kitulo

SWALI: Ndugu wahariri, hongereni kwa kazi. Tuko kikundi cha watu 12 hapa Uyole, Mbeya. Februari tunataka kwenda hifadhi ya Kitulo na mwongozaji, tupande kupitia msitu wa Livingstone hadi kwenye maua na kurudi siku hiyohiyo. Mwaka jana tulijaribu mlima Rungwe: tukaloa, wawili wakatetemeka vibaya, giza likatukuta bado tuko msituni. Tulikosea wapi?
Msomaji, Uyole

JIBU: Mwezi mmeuchagua vizuri. Maua ya Kitulo huanza kufunguka mwishoni mwa Novemba na kuendelea hadi Aprili, na huo ndio msimu wa mvua. Anayeyataka maua akubali kuloa. Cha kujihadhari ni kuloa na kupoa kwa pamoja.

Mbeya mjini ni kama meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo ni kama 2,600. Kila mkipanda meta 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi, na huko juu kuna upepo. Msituni jasho halikauki, kwa kuwa hewa imejaa unyevu na upepo haupiti. Mtu anaibuka nyasini na shati limeloa, upepo unamkuta hivyohivyo. Bila shaka hapo ndipo wenzenu walipoanza kutetemeka.

Basi anzeni safari mkihisi baridi kidogo, na shati moja jepesi. Mkibakiza kama meta 50 kabla ya kutoka msituni, simameni. Kila mtu avue shati lililoloa, avae kavu, sweta, kisha koti la mvua, ndipo mtoke. Nguo hizo zikae ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko, maana begi la kawaida hupitisha maji. Jinzi ziacheni nyumbani: zikiloa zinakuwa nzito na hazikauki kutwa nzima. Mitumbani Mwanjelwa tafuteni sweta la sufu, ambalo huhifadhi joto hata likiwa na maji.

Sasa giza. Kundi kubwa lihesabu kilomita 3 kwa saa, halafu liongeze saa moja kwa kila meta 300 za kupanda. Njia ya kilomita 6 yenye mwinuko wa meta 600 ni saa 4. Kushuka msidhani ni nusu ya hapo. Mizizi iliyoloa inateleza kama sabuni, wekeni saa 3. Mkiondoka saa 1 asubuhi mtafika saa 5. Saa 7 mchana mgeuke, hata kama hamjafika mlikokusudia. Mtakuwa chini saa 10, na muda unaobaki ni wa mguu utakaoteguka. Chini ya miti mwanga huondoka mapema kuliko mnavyouona mjini. Mwendo aupange anayetembea polepole kuliko wote, akiwa nyuma tu ya mwongozaji, na mwenye nguvu afunge msafara.

Radi za mchana kwenye uwanda ule wa wazi si za kupuuza. Mkiona umeme hesabuni: ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, ondokeni kileleni, mwepuke mti uliosimama peke yake, na msirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Gambuti huzuia maji na siafu, lakini kisigino hucheza ndani mkishuka na kuchubuka. Kiatu cha kamba chenye soli ya meno ni bora, suruali ikichomekwa ndani ya soksi. Mizizi ivukeni, msiikanyage. Kila mmoja abebe lita 2 za maji na ayanywe. Kwenye baridi kiu haijitokezi, na kichwa huuma kwa upungufu wa maji mwilini kama kinavyouma kwa mwinuko. Kikizidi kuuma, au mtu akianza kutapika, ateremshwe.

SWALI: Tutamwona kipunji?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Msiende kwa ajili ya kima huyo peke yake. Wanasayansi walimbaini mwaka 2003 ingawa wenyeji walikuwa wakimjua, na anaishi juu sana kwenye matawi. Mtambueni kwa kishungi cha nywele zilizosimama utosini na mlio mzito unaofanana na kubweka. Mkiusikia, kaeni kimya dakika 10, tazameni matawi yanayotikisika.

SWALI: Mwongozaji alimkatalia mama yangu mdogo kuchimba chikanda, japo alitaka viwili vitatu tu. Ni haki kweli?
Msomaji, Makete

JIBU: Ni haki, na alifanya kazi yake. Kiazi cha chikanda ni cha okidi, aina ya ua. Mmea huwa na viazi viwili: cha zamani kinacholisha ua la mwaka huu, na kipya kilichojaa akiba ya ua la mwakani. Mchimbaji huchukua kile kigumu, kilichojaa, kwa hiyo mwakani hapo hapaoti kitu. Biashara ya kuvuka Tunduma kwenda Zambia, ambako husagwa na kupikwa na karanga, ilikuwa imemaliza okidi nyingi, na hiyo ni sababu mojawapo Kitulo ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Tunaelewa kwamba mama mdogo amekua akila chikanda. Lakini ndani ya hifadhi hata kimoja hakiruhusiwi, na mguu nao ubaki njiani: nyasi zikikanyagwa na watu 12 wakati udongo umeloa, kichochoro kipya kinazaliwa, na mvua inayofuata inakigeuza mfereji.