Jina juu ya mlango wa chumba cha giza

SWALI: Shikamoo mzee. Studioni kwako Mikindani umebandika jina "Hos Maina" juu ya mlango wa chumba cha giza. Ni ndugu yako?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si ndugu, ila nilimlilia. Alikuwa Mkenya, mpiga picha wa shirika la habari la Reuters. Tarehe 12 Julai 1993 helikopta za Marekani zilishambulia nyumba moja Mogadishu. Akaenda na wenzake kupiga picha, umati wenye hasira ukawageukia. Walikufa wanne: yeye, Dan Eldon, Hansi Krauss na Anthony Macharia. Redio ilipotangaza, nilikuwa nasafisha picha za harusi. Nikaisahau karatasi kwenye dawa, ikawa nyeusi tii. Bwana harusi alidai hela yake (haki yake). Karatasi ninayo bado.