Maswali na Majibu: Pawa Saplai za Kompyuta Kuukuu

Maswali ya safari hii yanahusu pawa saplai za kuswichi, yaani visanduku vinavyogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za DC, zilizomo ndani ya kompyuta za miaka ya 1980, na karibu yote yameandikwa baada ya mashine kuchomekwa kwenye soketi na mambo kwenda mrama. Ningefurahi zaidi kupokea yaliyoandikwa kabla.

Nina IBM XT. Nikiiwasha, feni inashtuka kidogo kisha kimya. Fundi mmoja wa mjini ameniambia pawa saplai imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli? (Msomaji, Buruburu)

Yawezekana pawa saplai hiyo ni nzima, na ndiyo sababu inajizima. Ile ya XT, yenye uwezo wa wati 130, ikikuta shoti upande wa mzigo, yaani bodi na kadi inazozilisha, hujikatia umeme yenyewe, na dalili unayoiona kwa nje ni huko kushtuka kwa feni. Fundi aliyekutuma dukani bila kutoa multimita mfukoni hakukufanyia kazi. Amekukisia tu, na gharama ya kukisia kwake umeachiwa wewe.

Katika mashine za ukoo huu, mshukiwa wa kwanza ni kapasita ndogo za tantalamu zenye umbo la tone, ambazo zikizeeka hushoti bila kuonyesha alama yoyote. Chomoa waya wa ukutani, ng'oa plagi mbili za umeme, P8 na P9, kutoka kwenye bodi kuu, kisha weka multimita kwenye omu na upime kwenye bodi yenyewe kati ya pini ya tatu ya P8, ambayo ni ya volti 12, na pini ya tano, ambayo ni ya ardhi. Rudia kwa pini ya nne, ya volti hasi 12. Ukipata sifuri au omu chache tu, ondoa kadi moja moja huku ukipima tena kila mara, kwa maana nazo zina tantalamu zake. Kipimo kikipanda baada ya kutoa kadi fulani, umempata mhalifu. Kisipopanda hata kadi zote zikiwa zimetoka, tafuta kwenye bodi.

Unapobadilisha, weka ya volti 25 au 35 kwenye njia ya volti 12, kwa sababu ya volti 16 inabanwa mno, na uangalie alama ya chanya mara mbili kabla ya kulehemu, kwani tantalamu iliyogeuzwa huwaka moto. Wakati wa kurudisha P8 na P9, waya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati. Ukizikosea, bodi inaungua.

Nimeitoa pawa saplai nje, nikaiwasha mezani peke yake, na haitoi volti yoyote. (Msomaji, Ngara)

Nyingi za wakati huo haziwaki bila mzigo. Unga taa ya breki ya gari, ile ya volti 12 na wati 21, kwenye njia ya volti 5, ndipo upime.

BBC Micro yangu ilitoa moshi mzito wenye harufu kali, lakini bado inafanya kazi. Naweza kuendelea kuitumia? (Msomaji, Kasarani)

Hapana. Kilichoungua kwa kawaida ni kapasita ya chapa ya RIFA, iliyoungwa kati ya laivu na nyutro ili kuchuja kelele za umeme. Ndani yake ni karatasi, na ganda lake la plastiki angavu hupata nyufa nyembamba kama unywele zinazopitisha unyevunyevu, mpaka siku moja karatasi inaungua. Mashine huendelea kufanya kazi kwa kuwa kichujio hicho si sehemu ya kuzalisha volti 5, na hilo ndilo linalowadanganya wengi. Badilisha zote zilizomo, hata ambazo hazijapasuka, kwa za plastiki za daraja la X2, yaani zilizoundwa kukaa kwenye umeme wa ukutani, volti 275 za AC, zenye thamani ile ile. Usikubali kapasita ya kawaida mahali hapo, hata muuzaji akiapa kwamba ni sawa.

Fyuzi inaungua kila nikiwasha. Niweke kubwa zaidi? (Wasomaji watatu)

Hapana, na swali hili limejibiwa hapa mara nyingi.

Ndugu yangu ameniletea kompyuta ya zamani kutoka Marekani. Nilipoichomeka ilipiga mlio mkubwa ikazima. (Msomaji, Rongai)

Tazama swichi ndogo ya nyuma: bila shaka imekaa kwenye 115. Katika nafasi hiyo, saketi ya kuingilia huzidisha volti mara mbili, kwa hiyo umeme wetu wa volti 240 unageuka kuwa takriban volti 680 za DC, na kila moja kati ya kapasita mbili kubwa inabebeshwa kama 340 ilhali nyingi ziliundwa kwa 200. Ukiwa na bahati, varista, kipuri cha kukinga dhidi ya volti zinazozidi, ilishoti mapema ikaunguza fyuzi, na ukibadilisha hivyo viwili mambo yatakuwa yamekwisha. Usipokuwa na bahati, pima dayodi za daraja, kapasita zote mbili na transista za kuswichi kabla ya kununua chochote.

Kabla ya kugusa ndani, chomoa waya, kisha toa chaji ya kapasita hizo kwa rezista ya kilo-omu 2.2 ya wati 10 yenye waya zilizofunikwa vizuri, na uhakikishe kwa multimita kwamba zimefika karibu na sifuri. Bisibisi si kifaa cha kazi hii. Volti 340 za DC zinaua, na hazisubiri uwe umechomeka ukutani.

Ukimaliza, usiirudishe moja kwa moja kwenye soketi. Pitisha laivu kwenye balbu ya wati 60 ya waya wa ndani, kwa kuwa ya LED haifai. Ikimweka kidogo kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti ingali ndani, na balbu imekuokolea vipuri ulivyovitafuta kutwa nzima River Road.

Kapasita zote zimepimwa na thamani ni sawa, lakini volti 5 inayumba. (Msomaji, Githurai)

Umepima mikrofaradi, hukupima ESR, yaani ukinzani wa ndani ya kapasita. Kapasita ya elektroliti iliyokauka inaweza kuonyesha mikrofaradi zake karibu zote na bado ishindwe kulainisha mkondo wa kuswichi. Tafuta mita ya ESR, au badilisha za upande wa kutolea kwa za nyuzijoto 105 zenye ESR ndogo.

Kompyuta yangu ya zamani haiwaki. Shida ni nini? (Wasomaji wengi)

Andika ni mashine gani, fyuzi iko vipi, na volti ulizopima kwenye njia ya 5 na ya 12 ukiwa umeweka mzigo. Barua isiyo na vipimo hivyo sitaijibu tena.