Jibu: Baba kapata kiharusi Ujiji, nani asaini badala yake?

Pole kwa mzee, ndugu. Umeuliza kama kaka yako anaweza kusimamia kiwanja na akaunti ya baba. Angalia kwanza: mzee anaelewa anachoambiwa? Kama anaelewa, nendeni kwa wakili wiki hii hii, aandae hati ya uwakilishi, yaani karatasi ya baba kumruhusu kaka yako atende kwa niaba yake. Mkono ukigoma, dole gumba linatosha, ila asomewe kila neno kwa lugha yake. Kama ni Kiha, iwe Kiha. Hati hiyo ya uwakilishi, ikihusu kiwanja, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, anayesajili nyaraka za ardhi.

Sisi kwa mama mdogo tulichelewa. Akili ilipoondoka, ilibidi twende mahakamani kuomba msimamizi wa mali zake. Hata hati ya uwakilishi iliyokwisha sainiwa hukoma akili ikiondoka, na wengi hawaambiwi hili. Nakuomba usingoje.