Slaidi ya MYC Ikitoka Bila Rangi, Anza na Fomalini

Wenzangu wa maabara, slaidi ya kupima protini ya MYC kwa kingamwili ikitoka bila rangi ya kahawia inayoionyesha, msikimbilie kuagiza kingamwili mpya. Mimi nilikimbilia, hapa Kisumu, na sampuli ilikuwa ya mtoto aliyevimba taya.

Huku kando ya Ziwa, malaria ilikozoeleka, taya la mtoto likivimba ghafla daktari huwaza uvimbe wa Burkitt, saratani ya seli za limfu inayokua haraka. Katika ugonjwa huo jeni ya MYC huhama, mara nyingi kutoka kromosomu ya 8 hadi ya 14, na protini yake, ambayo kazi yake ni kuwasha jeni nyingine, hutengenezwa bila kipimo. Kwa hiyo tulitarajia viini vya seli vijae kahawia. Ki-67, alama ya seli zinazogawanyika, ilishika karibu kila seli. MYC ilikuwa buluu tupu, rangi ya usuli tu.

Stima ilikuwa imepotea wikendi ile, tukasema kingamwili imeharibikia kwenye friji. Mama wa mtoto akaambiwa asubiri. Siku mbili baadaye ndipo nilipopaka slaidi ya zamani ya Burkitt iliyothibitishwa, na viini vikatoka kahawia iliyokolea. Kingamwili ilikuwa nzima! Nikairudia slaidi ya mtoto, nikaisogeza polepole chini ya hadubini hadi ukingoni kabisa. Pale palikuwa na ufito mwembamba wa kahawia; kadiri nilivyoelekea katikati, rangi ilififia hadi ikaisha.

Kipande kililetwa kikubwa kama ndimu, kimeshindiliwa kwenye kichupa chenye fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu, kiduchu. Fomalini hupenya takriban milimita 1 kwa saa, na MYC hudumu dakika 20 hadi 30 tu ndani ya seli kabla ya kuvunjwa. Kule katikati dawa ilifika ikiwa imechelewa.

Tangu hapo huwapigia wauguzi wa chumba cha upasuaji mapema: kipande kikatwe kisizidi unene wa milimita 4 au 5, fomalini ya asilimia 10 yenye bafa iwe mara 10 ya ujazo wake, na saa ya kukitumbukiza iandikwe kwenye kichupa. Slaidi ya kulinganishia hupakwa siku hiyo hiyo, si baada ya mzozo.

Na mkinunua, ulizeni jina la kloni, yaani aina mahususi ya kingamwili. 9E10 inasifika kwa kazi ya kutambua protini kwenye utando wa maabara (Western blot), lakini kwa tishu zilizogandishwa kwenye nta ya parafini sisi tunatumia Y69, ya sungura.